Kambi ya watoto kando ya ziwa: biashara ya ukoo iliyovuka miaka 100

SHULE zinapofungwa mwezi Juni, watoto wa Chumbageni huhamia ufukweni. Wengine huogelea, wengine huvua, wengine huzurura hadi Deep Sea kuangalia mashua zikishusha samaki. Wazazi wako kazini au sokoni na hawana wa kuwaachia. Mchumi akiona hivyo, anaona wateja wasio na muuzaji.

Wamarekani waliliona hilo zamani. Likizo yao ya kiangazi ni ndefu, na tangu karne ya 19 baadhi ya wenye ardhi kando ya maziwa walianza kupokea watoto kwa malipo. Mfano mzuri ni kambi ya wasichana ya Wohelo, katika Ziwa Sebago, jimbo la Maine. Ilianzishwa mwaka 1907 na Dk. Luther Gulick na mkewe, Charlotte. Wapenda michezo wanamdai shukrani bwana huyu: mwaka 1891 ndiye aliyemwagiza James Naismith abuni mchezo wa kuchezwa ndani wakati wa baridi, ukazaliwa mpira wa kikapu. Jina Wohelo limeungwa kwa herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya kazi, afya na upendo. Dk. Gulick alifariki mwaka 1918. Kambi haikufa naye, ukoo wake ukaendelea nayo.

Ndugu msomaji, usidhani siri ni majengo. Kambi za namna hii huwa na vibanda vya mbao, mitumbwi, jiko na uwanja, basi. Tena hufanya kazi wiki chache tu kwa mwaka, kama mkulima wa machungwa wa Muheza anayevuna kwa msimu na kula mwaka mzima. Tofauti iko kwenye fedha. Mkulima wetu akikwama fedha ya palizi huyauza machungwa yangali mtini, kwa bei ya mlanguzi. Mwenye kambi huandikisha watoto miezi kadhaa kabla na kuchukua malipo ya awali. Hayo ndiyo yanayoezeka mapaa, bila kugonga mlango wa benki. Halafu mama aliyelala pale utotoni humleta bintiye, na hilo ni tangazo lisilolipiwa.

Lakini mtaji mkubwa kuliko yote ni ufukwe usiogawanywa. Hapa ndipo sisi tunapoanguka. Babu yetu aliacha shamba la minazi karibu na bahari. Baada ya arobaini yake tuligawana vipande, kila mmoja akauza chake kwa wakati wake, wa kwanza kwa bei ya kutupa. Leo hakuna kati yetu mwenye hata mnazi. Tungeweza kusajili kampuni BRELA, ardhi ikabaki moja na kila ndugu akashika hisa. Mwenye shida angeuza hisa zake kwa nduguye, shamba likabaki zima. Hatukuwaza hivyo, mimi mwenyewe nilikuwa nasomea uchumi chuoni wakati huo!

Anayetaka kujaribu aanze na kidogo. Chukua mfano wa watoto 40 kwa siku 10. Kila mtoto akinywa nusu lita ya maziwa kwa siku, akala yai moja na machungwa mawili, mahitaji ni lita 200 za maziwa, mayai 400 na machungwa 800. Bado hujagusa unga, samaki wala mboga za Lushoto. Mfugaji na mama mwenye banda la kuku wanapata soko la uhakika hata kama hawana kiwanja ufukweni. Pango la Amboni liko karibu kwa matembezi.

Jambo la kutofanyia mzaha ni maji. Kambi makini huwaogelesha watoto wawili wawili, kila mmoja akimwangalia mwenzake, na mwokoaji aliyefunzwa akiwa macho ukingoni. Weka gharama ya mtu huyo kwenye hesabu kabla ya gharama ya mahema. Kumbuka pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Jiko na vyoo vikae nyuma ya mstari huo, na kabla ya kununua tofali la kwanza pitia ofisi ya ardhi ya Jiji ukiwa na ramani ya kiwanja mkononi.