Ngeli ya 9 na Kilengeo cha Bunduki: Tatizo la Maelezo ya Kiufundi

Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, lugha ya bunduki si jambo la mbali. Kiganjo, karibu na Nyeri, kipo chuo cha polisi kinachopokea vijana wenye lugha za mama mbalimbali. Mweiga yapo makao ya Hifadhi ya Taifa ya Aberdare, ambako askari wa wanyamapori hulinda nyati na ndovu wanaopakana na mashamba ya wakulima. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na raia hawezi kumiliki bunduki bila cheti kinachotolewa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Hivyo basi, mafunzo ya shabaha huko ni mafunzo ya kazi, na risasi iliyopotoka kwa sentimita chache yaweza kumwacha nyati aliyejeruhiwa katika kichaka kilicho jirani na nyumba za watu. Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kueleza kazi moja ya fani hiyo: kufunga na kulinganisha kilengeo cha nukta nyekundu.

Kilengeo cha aina hii kilianza kuuzwa na kampuni ya Aimpoint ya Sweden mwaka 1975. Ndani yake mna taa ndogo inayotumia betri. Mwanga wake mwekundu hupiga kwenye lenzi ya mbele, iliyopakwa utando unaourudisha mwanga huo na kuuacha mwanga mwingine upite. Miale inayolifikia jicho huwa sambamba. Kwa hiyo mtazamaji huiona nukta kana kwamba iko mbali, juu ya kitu chenyewe. Kilengeo hakikuzi umbo la kitu, na mlengaji huyaacha macho yote mawili wazi.

Istilahi zenyewe zahitaji uangalifu. Neno “doti” halifai, kwa kuwa kwa Waswahili doti ni jozi ya khanga; “nukta” ndilo neno lililo tayari. “Kilengeo” limeundwa hapa kutokana na kitenzi “lenga”, kwa kanuni ya kawaida ya kuunda majina ya vyombo. “Shabaha” nalo lina faida ya pekee: lina mzizi mmoja wa Kiarabu na “mshabaha”, yaani ufanano. Nukta ionekanayo ni mfano tu wa mahali risasi itakapopiga. Mfano huo huwa wa kweli baada ya kulinganishwa.

Kazi ya kufunga hutanguliwa na kutoa risasi zote na kuhakikisha kwamba chemba ni tupu. Reli iliyo juu ya mwili wa bunduki hufutwa mafuta. Kilengeo huwekwa juu ya mwili huo, si juu ya kikingio cha mkono kilicho mbele, ambacho huweza kucheza. Husukumwa mbele hadi kigote kwenye ukingo wa mfuo wa reli, ili mshtuko wa mlipuko usikisogeze. Skrubu hukazwa kwa zamu, kwa kiasi alichoagiza mtengenezaji, kisha hutiwa mstari wa rangi utakaoonyesha iwapo zimelegea.

Kulinganisha hufanywa kwenye uwanja wa shabaha wenye tuta la udongo nyuma ya ubao. Bunduki huegemezwa kwenye mfuko wa mchanga. Hupigwa risasi 3 kwa umbali wa mita 25, na baadaye mita 50, pasipo kubadili mahali pa kulenga. Kisha hutafutwa kitovu cha matundu yote 3. Vilengeo vingi husogezwa kwa hatua za nusu dakika ya pembe, na dakika moja ni moja ya sitini ya digrii. Hatua moja ya namna hiyo ni takriban milimita 7 katika mita 50. Kitovu kikiwa chini kwa sentimita 7, zahitajika hatua 10. Bunduki iliyolinganishwa Mombasa yafaa ijaribiwe tena ikifika Nanyuki, mji ulio kwenye kimo cha karibu mita 1,900: hewa huko ni nyepesi zaidi kwa takriban moja ya sita. Tofauti hiyo haionekani katika mita 50, bali katika mamia ya mita.

Hapa ndipo sarufi inapoingia. Mkufunzi akiyaona matundu yako chini, husema, “Ipandishe.” Lakini ni ipi ipandishwe? Bunduki, risasi, nukta, shabaha, skrubu na lenzi: majina yote haya yamo katika ngeli ya 9, ambayo hupokea maneno mengi ya mkopo, na kiambishi “i” hakiyatofautishi. Tena vitu hivyo haviendi upande mmoja. Mshale ulioandikwa kwenye skrubu ya marekebisho kwa kawaida huonyesha upande ambao risasi itahamia. Ili risasi ipande, nukta yenyewe hushuka ndani ya lenzi. Mlengaji anapoirudisha nukta mahali pake, mtutu huinuka. Mwanafunzi aliyedhani kwamba ameamriwa kuipandisha nukta atazungusha kinyume. Kosa la sentimita 7 litakuwa la sentimita 14, na katika mita 100 litafikia takriban 28.

Dawa yake haihitaji kukopa neno jipya. Yatosha kuchagua majina yaliyo katika ngeli mbalimbali, ili kila kiungo cha kazi kiwe na kiambishi chake: kilengeo (ki-), mtutu (u-), matundu (ya-), na nukta peke yake ibaki na “i-”. Hapo mkufunzi aweza kusema: “Matundu yako chini, yapandishe kwa hatua 10, nukta itashuka, usiifuate, ukiirudisha kwenye alama, mtutu utainuka wenyewe.” Sentensi hiyo haina utata, wala haimlazimu msikilizaji kukisia. Waandaaji wa istilahi wamezoea kuuliza kama neno linafaa kwa maana yake. Katika fani ambazo amri hutolewa kwa ufupi na kutekelezwa papo hapo, yawapasa kuuliza pia neno hilo litaingia katika ngeli gani, na litakaa pamoja na maneno yapi.