Shamba la Mkongwe

Barabara ya kutoka Kimamba kwenda Kilosa inapita kwenye nchi ya mkonge. Niliwahi kuandika ripoti kuhusu mashamba hayo kwa LaTeX, nikaikagua tahajia kwa programu, ikapita bila doa. Mzee mmoja niliyempelekea nakala aliisoma kurasa mbili, akavua miwani, akauliza: “Mwanangu, huyu mkongwe mwenye shamba ni nani?” Nilikuwa nimechomeka herufi w mahali isipotakiwa. Mkonge ukawa mkongwe, na kompyuta haikuona ubaya wowote.

Tangu hapo nazisikiliza kwa makini kauli za wanaoandika tasnifu na ripoti zao kwa LaTeX. Nyingine ni kweli. Nyingi ni uongo mtupu.

“LaTeX ikishatoa PDF, basi maandishi ni safi.” Uongo. LaTeX, ambayo Leslie Lamport aliijenga miaka ya 1980 juu ya TeX ya Donald Knuth, ni fundi wa kupanga kurasa, si mwalimu wa lugha. Inachokasirikia ni amri. Ukiandika \sectoin badala ya \section, itasimama na kulalamika kwamba haiijui. Ukiandika “Mkiumi” badala ya Mikumi, itakupangia kichwa cha habari kwa herufi nene bila kusema neno.

“Programu za kukagua tahajia hukwama kwenye amri za LaTeX.” Nusu kweli. Ukiipa programu faili bila kuieleza ni la aina gani, itakuuliza kuhusu kila amri mpaka uchoke. Lakini programu ya Hunspell ukiiendesha kwa hunspell -t -d sw_TZ ripoti.tex, ile -t inaiambia kwamba hili ni faili la TeX, nayo huziruka amri na kubaki na maneno yako.

“Kiswahili hakina kamusi ya kompyuta.” Uongo, na umechelewa sana. Hiyo sw_TZ ndiyo kamusi yenyewe, na ni ya bure. Huko nyuma, mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulishatoa OpenOffice ya Kiswahili.

“Neno likitiwa alama, limekosewa.” Uongo, na hapa Kiswahili kina visa vyake. Hunspell ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya Kihungari, lugha inayopachika viambishi hasa mwishoni mwa neno. Sisi tunapachika mbele, katikati na nyuma: ha-tu-ta-wa-pelek-e-a, na hilo ni neno moja tu. Kitenzi kimoja huzaa maumbo mengi kupita kiasi, na orodha inayokosa baadhi yake itakutilia shaka hata ukiwa sahihi. Halafu kuna majina ya mahali: Mkondoa, Rudewa, Kidodi, Vidunda. Chunga zaidi safu ya Ukaguru. Kati yake na “ukaguzi” pana tofauti ya herufi mbili tu, na mwenye haraka anayekubali kila pendekezo anaweza kuamka na Milima ya Ukaguzi.

“Neno lisilotiwa alama liko sawa.” Huu ndio uongo unaoponza watu wengi. Programu inauliza swali moja: neno hili limo kwenye orodha? Haiulizi kama linafaa hapo. Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, ni mbuga ya wanyama. Ukiandika “mboga ya wanyama” umeshawala, na hakuna kengele itakayolia. Mahali pa mkutano pakigeuka mahari, au wanakijiji wakipiga kula badala ya kura, ni hivyo hivyo. Kwa watafiti wa mazao mtego ni mkubwa zaidi, maana kituo cha utafiti cha Ilonga, hapo hapo Kilosa, kimetoa mbaazi ziitwazo Mali na Tumia, na choroko ziitwazo Nuru na Imara. Majina mazuri, lakini yote ni maneno ya kawaida. Andika “tulipanda tumia” kwa herufi ndogo, kimya.

“Tasnifu ikiwa ya Kiingereza, dodoso la Kiswahili halihitaji kukaguliwa.” Uongo, tena wa dharau kidogo. Ukaguzi ukiwa wa Kiingereza, kiambatisho chote hujaa wekundu, mwandishi anakerwa, anauzima. Matokeo yake ukurasa pekee ambao mkulima wa Rudewa atasomewa ndio usioguswa na mkaguzi. Weka dodoso kwenye faili lake, uliingize kwa \input, ulikague peke yake kwa kamusi yake. Kukagua kwa lugha mbili pamoja kunawezekana, ila “hata” ikigeuka “hate” itapita kwa pasipoti ya Kiingereza.

“LaTeX inajua kukata neno mwishoni mwa mstari.” Kwa Kiingereza cha Marekani, ndiyo. Usipoiambia lugha, italikata neno la Kiswahili kwa kanuni hizo hizo, wakati silabi zetu karibu zote huishia kwenye irabu: Mi-ku-mi, Ki-lo-sa. Hili hakuna kamusi ya tahajia itakayoliona, kwa sababu halimo ndani ya faili. Linazaliwa kwenye ukurasa. Soma PDF kwa macho.

“Orodha ya maneno binafsi ni ya kuongeza tu.” Uongo, na ningefurahi kama ningeujua mapema. Hunspell huweka orodha hiyo kwenye faili la kawaida, .hunspell_sw_TZ, kila neno mstari wake. Neno likitanguliwa na kinyota, linapigwa marufuku. Yangu ina Mkondoa, Kidodi, Vidunda na Ukaguru. Chini kabisa kuna *mkongwe. Siku nikiandika kuhusu mzee wa kweli, programu itanisimamisha, nami nitamthibitisha kwa mkono.