Karata za mahakamani: Jinsi Marekani inavyochuja wa kukuhukumu

Umewahi kucheza karata ukabaki na turufu moja, hujui uitupe sasa ama uingoje raundi ijayo? Basi unaielewa kazi ya wakili wa Marekani kabla kesi haijaanza.

Kule, kesi nzito ya jinai kwa kawaida haiamuliwi na jaji peke yake kama hapa kwetu. Raia 12, wanaoitwa juri, ndio husema una hatia au huna. Wanahojiwa kwanza, kisha kila upande unaruhusiwa kukataa watu kadhaa bila kutoa sababu. Katika mahakama za serikali kuu, kesi nyingi nzito humpa mshtakiwa turufu 10, upande wa mashtaka 6.

Sasa jiweke kwa viatu vya wakili wa utetezi. Umebakisha moja, na mbele yako kuna mzee anayeonekana mkali. Ukimkataa, anayefuata anaweza kuwa mbaya zaidi na wewe huna kitu mkononi. Kwa hivyo usijiulize kama unampenda. Jiulize kama ni mbaya kuliko yule unayemtarajia nyuma yake. Na ukihisi mpinzani pia hamtaki, nyamaza, mwache atumie yake. Shida ni kwamba naye anaweza kuwa anakungoja wewe! Hesabu hizi za kuwaza mwenzako atafanya nini ndizo wasomi huita nadharia ya michezo.

Lakini utajuaje moyo wa mtu kwa maswali machache? Wengine huangalia tu rangi ya ngozi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataza hilo mwaka 1986 katika kesi ya Batson, ila mchezo haukuisha. Curtis Flowers, Mmarekani Mweusi wa Mississippi, alishtakiwa mara 6 kwa mauaji yale yale. Katika kesi hizo, upande wa mashtaka uliwakataa Weusi 41 kati ya 42 ambao ungeweza kuwakataa. Alihukumiwa kifo. Hukumu ilifutwa 2019, mashtaka yakaondolewa 2020, baada ya zaidi ya miaka 20 kizuizini.

Jimbo la Arizona liliziondoa turufu hizi kabisa kuanzia 2022. Mimi naona walifanya poa, maana anayelipa bei ya mchezo huu si wakili. Wewe je, ungeziacha?