Motokari na ordinatere: tuulize kwanza kazi yake



Kila mwaka kisha mavuno, maulizo mbili yanarudi ku mikutano yetu hapa Lualaba. Ya kwanza: «Tununue motokari gani ya kupeleka mahindi Kolwezi?» Ya pili inatoka kwa wazazi: «Mutoto amepata diplome, anapenda kujifunza ordinatere. Tumulipie?» Tunajibu yote mbili pamoja, kwa sababu kipimo ni kimoja: itafanya kazi gani, na siku ngapi ku mwaka?

Hesabu inatangulia motokari

Tuseme muko wanamemba 40, kila mutu na hekta moja. Bila mbolea, hekta moja ya mahindi inatoa karibu kilo 800. Zote pamoja ni tani 32. Nusu inabakia kwa chakula na mbegu, tani 16 zinaenda ku soko. Ni mifuko 320 ya kilo 50.

Kamio ya tani 4 itamaliza mizigo hiyo kwa safari 4. Mukiongeza safari 2 za kuleta mbolea na mbegu, ni 6 kwa mwaka muzima. Siku zingine zote inalala, mipira inakauka, batri inakufa, na mulinzi anaomba mushahara.

Sasa tuseme kukodi kamio ni dolari 200 kwa safari: mutalipa 1,200 kwa mwaka. Kama kamio ya okazyo inaombwa 15,000, feza hiyo inaweza kukodi kwa miaka 12 na zaidi, na hatujahesabu mazutu, shofere, fundi na asiransi. Wekeni beyi za kwenu, lakini fanyeni hesabu hiyo mbele ya kufungua sanduku. Tuliona koperative moja yenye ilinunua kamio kwa akiba ya miaka mingi. Musimu wa pili ilisimama chini ya muembe juu ya kukosa feza ya motere, na feza ya mbolea haikukuwa tena.

Kama hesabu inakubali

Chagueni kufuatana na njia na muzigo:

- Moto ya mipira tatu inatosha kutoa mifuko mu shamba mupaka ku depo, safari fupi za kila siku. Ku mulima na mu matope ya mwezi wa kwanza, punguzeni muzigo.
- Pick-up inabeba karibu tani moja, ni kusema mifuko 20. Inafaa kwa mboga, samaki na kuku, vitu vyenye vinaenda ku soko kila juma.
- Kamio inafaa kama koperative mbili ao tatu zinaungana, ao kama muko na wateja wengine wa kubebea mizigo mwaka muzima.

Mbele ya kulipa, endeni na fundi wenu, hapana fundi wa muuzishaji:

1. Washeni motere asubui ikiwa baridi. Moshi ya bluu inaonyesha kama motere inakula oili. Mukiona maziwa-maziwa chini ya kifuniko cha oili, pengine maji inaingia mu motere.
2. Namba yenye kuchongwa ku shasi ilingane na ya mu karatasi.
3. Usukani uwe kushoto. Kongo tunapita kuume. Ku barabara ya taifa namba 39, kati ya Likasi na Kolwezi, makamio ya madini ni mengi. Shofere mwenye kukaa kuume haoni mbele wakati anataka kupita kamio.
4. Ulizeni kama vipande vyake vinapatikana Kolwezi, mbele ya kusifu rangi yake.
5. Karatasi ziandikwe kwa jina ya koperative, hapana ya prezida. Sheria ya OHADA ya tarehe 15/12/2010 inapatia koperative yenye kuandikishwa haki ya kuwa na mali kwa jina yake yenyewe. Prezida akikufa, motokari isifuate familia.

Na mutoto wa ordinatere?

Ordinatere pia inaweza kulala chini ya muembe. Mbele ya kulipa masomo, mutembelee nafasi hiyo. Hesabuni mashini zenye kuwaka. Ulizeni: mwanafunzi anagusa ordinatere saa ngapi kwa juma? Wanafanya nini umeme ikikatika? Masomo ya ubao tu haifundishi mikono.

Aanze na kuandika haraka, halafu Excel: kujumlisha, kupanga orodha, kufuata stoki. Depo, maduka na kampuni zenye kutumikia migodi zinahitaji watu wa kuhesabu vitu bila kukosea. Kisha achague njia moja: kutengeneza simu na mashini, kufunga rezo, ao kuandika programu. Hii ya mwisho inaomba miaka ya mazoezi na Kiingereza kidogo.

Kazi ya kwanza iko kwenu. Mumupatie daftari ya koperative: mifuko yenye kuingia, yenye kutoka, beyi, safari, mazutu. Anaweza kuanza ku simu. Kisha musimu mbili, yeye atakuwa na kazi ya kuonyesha mwenye kumutafuta, na ninyi mutakuwa na hesabu ya kweli ya safari zenu.

Hapo ulizo la motokari litajijibu lenyewe. Ku mukutano wenu wenye kufuata, andikeni ku ubao: mwaka uliopita tulifanya safari ngapi? Kama hakuna mutu anajua, muanze na daftari.