Pumzi ya Nyuki na Walinzi Wake

Goweko, kituo cha reli ya kati mashariki mwa Tabora, iko katika nchi ya miombo, na miombo ya Unyamwezi ni nchi ya nyuki. Warina asali huko wanamjua nyuki kwa mlio, kwa hasira na kwa msimu. Pumzi yake, hata hivyo, imeachwa nyuma, nayo inastahili kuangaliwa.

Nyuki hana mapafu. Hewa huingia kwa jozi 10 za matundu yaliyopangika ubavuni, kisha hufuata mirija inayogawanyika na kugawanyika hadi kwenye misuli na ubongo. Damu yake haina kazi ya kubeba oksijeni. Mpango huu humpa nguvu ya kuruka, lakini una hatari yake: kijidudu kikishapenya mrijani, kiko jirani na kila kiungo.

Ulinzi huanza mlangoni, penye vinyweleo na vifuniko vinavyofunguka na kufungika. Ndani, mrija umetandikwa utando wa kaitini kama ngozi ya nje. Buu akijivua gamba, utando huo nao huvuliwa.

Chini ya utando kuna seli hai, na hapo ndipo penye ajabu. Mwaka 1998 watafiti wa Strasbourg, Ufaransa, waliwapandikizia inzi wa matunda, ambao hupumua kwa mirija kama nyuki, jeni inayong'aa kijani popote mwili unapotengeneza drosomisini, protini ndogo ya kuua kuvu. Inzi walipoambukizwa, kuta za mirija ya hewa ziling'aa. Hata kwa inzi ambao njia ya tahadhari iitwayo Toll, inayoamrisha drosomisini mwilini kote, ilikuwa imeharibika, mirija iliendelea kujibu. Kumbe ukuta wa mrija wa inzi humtambua adui na kupigana bila kungoja amri!

Adui mwingine hazuiwi na protini. Utitiri aitwaye Acarapis woodi, aliyetambuliwa Scotland mwaka 1921, hupitia tundu la kifua la nyuki mchanga, akazaliana mrijani na kufyonza damu kupitia ukuta wake. Nyuki wa koo sugu humpangusa kwa miguu ya kati kabla hajaingia.

Mfugaji akiona nyuki wengi wakitambaa mbele ya mzinga wasiweze kuruka, asiwafagie, kwani huenda utitiri huyo yumo. Awatie kadhaa kwenye spiriti, awapeleke kwa afisa nyuki wa wilaya wapasuliwe: mrija mzima ni mweupe, ulioshambuliwa huwa na madoa meusi.