KUCHAGUA TOROLI LA FUNDI: ANZENI NA GURUDUMU

Mafundi wengi vijijini hufanya kazi nyumbani. Seremala ana meza yake chini ya mwembe. Asubuhi vifaa vinatolewa ndani, jioni vinarudishwa: randa, misumeno, jiliwa, makopo ya misumari. Mbao nazo zinabebwa kichwani toka barabarani. Fundi anaanza kazi akiwa amekwisha choka. Basi wengine wanaamua kununua toroli. Ni jambo jema, lakini toroli ni fedha. Likichaguliwa vibaya litakaa uani, kuku walale juu yake.

Madukani mjini kuna toroli la rafu mbili au tatu, lenye magurudumu manne madogo kama ngumi. Rangi yake inavutia. Gereji za mjini wanalitumia, nasi hatulikatai. Lakini gereji hizo zina sakafu ya saruji. Uani kwetu ni udongo na mchanga. Gurudumu dogo huzama mchangani. Likikutana na jiwe au mzizi halipandi. Linasimama ghafla na vifaa vinamwagika. Gurudumu kubwa hupanda jiwe lile lile likapita. Hebu sukumeni baiskeli mchangani, kisha mvute kigari cha watoto chenye magurudumu ya vifuniko vya chupa. Mtaona wenyewe.

Kwa hiyo kwa uwanja wa udongo tunashauri toroli la gurudumu kubwa. La gurudumu moja hupita njia nyembamba, ila msukumaji lazima alisawazishe. La mawili hutulia, hata mzee analimudu. Tairi la upepo hupita kwa ulaini penye mawe, lakini hutobolewa na misumari. Tairi gumu halitoboki, ila ni zito kusukuma na hutikisa mzigo. Seremala asiyefagia uwanja wake, heri anunue gumu!

Sasa tupige hesabu. Toroli la gurudumu moja ni wenzo. Tuseme mzigo ni kilo 60, na katikati ya mzigo ni sentimita 50 toka kwenye ekseli. Mishikio iko sentimita 150 toka kwenye ekseli hiyo hiyo. Zidisha 60 kwa 50, gawanya kwa 150. Unapata 20. Mikono yako inainua kilo 20 tu, na gurudumu linabeba 40. Lakini mzigo ukikaa sentimita 100 toka kwenye ekseli, mikono inainua kilo 40. Mgongo utajua tofauti hiyo. (Uzito wa toroli lenyewe hatukuuhesabu.) Basi nendeni dukani na futi. Chagueni lile ambalo mzigo wake unakaa karibu na gurudumu.

Mkiwa hapo, shikeni gurudumu mlitikise kushoto na kulia. Likicheza, liacheni. Tazameni palipochomelewa kama pana ufa. Matoroli mengine yana kibandiko kinachosema kilo linazoweza kubeba. Kisomeni, kusoma si mnajua? Ulizeni pia kama tairi na tyubu za saizi ile zinapatikana karibu. Kisha mwombeni muuzaji mlipakie mfuko mmoja wa saruji, kilo 50, mlisukume mpaka nje penye udongo. Akikataa, nendeni duka la pili.

Mnaweza pia kutengenezewa na fundi wa kuchomelea. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mikoani, mnaweza kuuliza huko. Gurudumu la baiskeli linafaa mizigo myepesi; mzigo mzito ukiyumba upande, spoki zinapinda. Kwa mizigo mizito bora gurudumu la pikipiki. Na kimo cha mishikio kipimwe kwa mtu atakayesukuma. Asimame wima, mikono imelegea. Mtakapomaliza kuinua toroli, mishikio iwe pale viganja vyake vilipofika. Kama msukumaji ni mama au kijana, basi yeye ndiye apimwe, si fundi.