Gigabaiti 86 za Harusi: Kubana na Kutunza Video za HD kwa Fedha Kidogo

Kila Desemba Watanzania wa huku Marekani huenda nyumbani na kamera, na kila Januari hurudi na memori kadi zilizojaa. Harusi moja ya Kitanzania, ukijumlisha sendofu, ibada au nikaha na sherehe ya ukumbini, inafikisha saa nane za video bila shida. Kamera nyingi za familia za miaka iliyopita hutumia mfumo wa AVCHD, ambao Sony na Panasonic waliutangaza mwaka 2006, na zikiwekwa kwenye ubora wa juu wa 1080i huandika hadi megabiti 24 kwa sekunde. Piga hesabu: gigabaiti 10.8 kwa saa, yaani zaidi ya 86 kwa shughuli nzima. Shangazi aliyeko Morogoro hawezi kushusha mzigo huo kwa bando, na runinga yake huenda ikakataa hata kufungua faili.

Na hizo 86 tayari zimebanwa! Picha moja ya nukta 1920 kwa 1080, kwa namna ya kawaida ya kuhifadhi rangi za video, ni megabaiti 3.1. Ukiweka picha 25 kila sekunde, saa moja inameza gigabaiti 280. Kinachotuokoa ni kodeki, yaani njia ya kubana na kufungua video, na iliyotawala katika kizazi hiki ni H.264, iliyoidhinishwa mwaka 2003. AVCHD yenyewe imejengwa juu yake.

Kodeki hii haitunzi kila picha kamili. Hutunza moja, kisha kwa zinazofuata huandika kilichobadilika na kilichosogea tu. Mzee wa ukoo anapotoa nasaha, pazia nyuma yake limetulia. Kinachocheza ni mdomo na mkono, basi biti chache zinatosha. Subiri kamati iingie na keki. Taa zinazunguka, vitenge vya sare vinayumba, mtu anamwaga karatasi za kumetameta juu ya maharusi, na karibu kila nukta ya picha imekuwa mpya. Hapo ndipo biti huliwa, na hapo ndipo video iliyobanwa vibaya huvunjika vipandevipande.

Kamera hubana papo hapo, kwa chipu ndogo na betri ya kuhesabu dakika. Kompyuta yako ina usiku kucha wa kulinganisha picha na picha ikitafuta kinachojirudia. Ndiyo maana kazi ileile ya gigabaiti 10.8 kwa saa inaweza kushuka hadi tatu au nne, na mtu aliyeketi kwenye kochi asione tofauti.

Programu ya kufanya hivyo ni ya bure. HandBrake ilianzishwa mwaka 2003 na Eric Petit, kwanza kwa ajili ya mfumo wa BeOS ambao leo wachache wanaukumbuka; ndani yake inatumia x264, kibanio cha H.264 kilichoandikwa na watu wa programu huria. Wengi wakiifungua hukimbilia kuandika idadi ya megabiti wanayoitaka. Mimi sikubaliani na njia hiyo. Ukiipangia video kima kimoja, nasaha za mzee zitapewa biti zisizozihitaji na ngoma itanyimwa. Tumia kipimo cha ubora kinachoitwa RF: weka 20 hadi 22 kwa video ya 1080, chagua kasi ya polepole, kisha kalale. Programu itagawa biti yenyewe kulingana na fujo iliyomo kwenye picha.

Kabla ya kulala, kagua jambo moja ambalo mafundi wengi wa mtaani hulipuuza. Ile herufi i kwenye 1080i ina maana kwamba kamera haikuchukua picha nzima nzima. Ilichukua mistari ya witiri, kisha ya shufwa, nusu picha 50 kwa sekunde, au karibu 60 kama kamera ni ya soko la Marekani. Runinga huziunganisha vizuri. Kwenye kompyuta, simamisha video mahali ambapo kanga inapepea: kingo zake zitakuwa na meno kama ya kitana. Ukibana bila kuyaondoa meno hayo, yanagandishwa humo, na kuyatoa baadaye ni taabu tupu. HandBrake ina kichujio cha kazi hiyo, kinaitwa Yadif. Ukikiwekea chaguo la Bob kinageuza kila nusu kuwa picha kamili, na mchezo wa kwaito unabaki laini kama ulivyokuwa ukumbini.

Hizo 50 na 60 zina asili yake. Umeme wa Afrika Mashariki hupigwa kwa hezi 50 na televisheni zetu zikafuata PAL. Marekani ni hezi 60, na televisheni zake zilifuata NTSC. DVD ya harusi iliyochomwa Dar es Salaam inaweza kugomewa na deki ya Marekani kwa sababu hiyo. Kwa faili, ugomvi huo umekwisha kwa sehemu kubwa, maana runinga za leo husoma aina zote mbili, kwa hiyo usimruhusu fundi akugeuzie 60 kuwa 50. Picha itaanza kurukaruka. Tatizo lililobaki ni taa. Kamera ya Marekani ikirekodi chini ya taubulaiti za nyumbani, picha inaweza kupwesa. Weka shata 1/100 kabla ya kurekodi, kwa sababu kusafisha baadaye ni kazi ngumu.

Runinga ikikataa faili, usikimbilie kubana upya. MP4 na MKV ni vyombo tu. Kilichomo ndani kinaweza kuwa H.264 ileile. Programu ya FFmpeg, aliyoianzisha Fabrice Bellard mwaka 2000, huhamisha video kutoka chombo hiki kwenda kingine kwa dakika chache bila kugusa ubora. Wakati mwingine mkosaji ni sauti peke yake. Igeuze iwe AAC na mambo yanakaa sawa.

Je, kodeki mpya zaidi ya HEVC, ya mwaka 2013? Ilikusudiwa kufikia ubora uleule kwa karibu nusu ya biti, lakini leseni zake ziligawanyika kwa makundi kadhaa ya wenye hataza, na mwaka 2015 kampuni kubwa zikaunda muungano uliotoa kodeki ya AV1 mwaka 2018, isiyo na ada. Kwa familia yenye runinga za kila umri, H.264 ndani ya MP4 bado ndiyo jibu. Na anayekuahidi kuigeuza VCD ya zamani iwe HD anakuuzia faili kubwa tu: VCD ya PAL ina nukta 352 kwa 288, na hakuna programu inayojua sura ya bibi ilikuwaje kati ya nukta hizo.

Kwenye kuhifadhi, flashi ni ya kusafirishia. Kama imepangwa kwa FAT32 haitapokea faili moja inayofika gigabaiti 4. Ipange upya kwa exFAT, ukihakikisha kwanza kwamba runinga ya huko inaisoma. Kwa kutunza nunua diski mbili za nje za kawaida, zile zinazozunguka, si moja kubwa ya bei mbaya. Mpiga picha Peter Krogh ndiye aliyeeneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, aina mbili za vifaa, moja ikae mbali. Diski mbili hazitimizi yote hayo, lakini sisi wa diaspora, hiyo ya mbali tunaipata bure. Diski moja ibaki hapa, nyingine mpe anayesafiri.

Nakala uliyobana ni ya kutazama. Ile ya kamera usiifute. Na usichague faili za MTS, zile zenye video, peke yake ukaacha nyingine, kwa kuwa kamera hukata tukio refu vipande vipande, na taarifa za kuviunganisha zimo kwenye folda za jirani. Kabla hujaifuta kadi kwa ajili ya shughuli inayofuata, nakili folda yote ya PRIVATE iliyomo kwenye kadi hiyo uiweke kwenye diski zote mbili, kisha ifungue video moja kwenye kila diski uhakikishe inacheza.